Machozi Hayapatii Mtu Nafasi ya Utetezi

Kila Novemba wanafunzi wa sheria hapa Marekani, wengi wao watoto wa familia zilizotoka Kongo, Burundi na Kenya, huniletea barua za kuombea nafasi za majira ya joto zenye posho katika ofisi za utetezi wa jinai. Swali lao ni moja: "Wakili, shida nilizoeleza zinatosha?"

Jamani, nani aliwaambia nafasi hizi ni sadaka ya aliyeteseka kuliko wenzake? Nasoma kurasa mbili za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hema linalovuja, baba aliyefariki, na mteja hatajwi hata mara moja. Wapo wanaolipa watu wawaandikie huzuni hiyo. Ni fedha iliyotupwa.

Posho ile ina sababu yake. Tangu hukumu ya Gideon mwaka 1963, asiye na uwezo akishtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Bajeti za ofisi zinazofanya kazi hiyo ni finyu, na wanafunzi wengi hujitolea bila malipo. Anayemudu kujitolea msimu mzima ni yule anayelipiwa pango na wazazi. Hivyo wanaachwa nje vijana waliokwisha kumsubiri ndugu kwenye korido za mahakama, na ofisi inawahitaji hao. Haiwaonei huruma.

Kwenye usaili utaulizwa hivi: mteja amepewa ofa ya miaka miwili, ushahidi ni mzito, lakini amekataa kukiri, utafanyaje? Ukijibu kwamba utamlazimisha, umeshaanguka. Kukiri au kukana ni uamuzi wa mteja. Katika kesi ya McCoy, 2018, Mahakama ya Juu iliamuru kesi ianze upya kwa sababu wakili aliliambia baraza la waamuzi kwamba mteja wake ameua, ilhali mteja mwenyewe alikuwa amekataa katakata lisemwe hilo. Na mteja asiye raia? Tangu kesi ya Padilla, 2010, wakili ana wajibu wa kumwonya kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Padilla alikuwa ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40.

Hapo ndipo maisha yako yana kazi. Kama ulikuwa unamsomea mama barua za uhamiaji, eleza ulivyomfafanulia jambo zito bila kumtisha wala kumficha. Kiswahili chako kiandike kama ujuzi wa kazi.

Mengine ni haya. Anza kuomba Desemba ya mwaka wa kwanza. Pekua PSJD, orodha ya mtandaoni ya kazi za sheria zenye manufaa kwa umma, kisha ziandikie ofisi zenyewe: Bronx, New Orleans, Washington. Ofisi isiyolipa usiiache kabla hujauliza mfuko wa chuo chako wa kazi za umma. Soma masharti upya kila mwaka. Baada ya hukumu ya Harvard ya 2023, iliyokataza vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili, programu kadhaa zimeyabadilisha. Mwenye viza ya F-1 apate kwanza kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na asitegemee mpango wa serikali kuu wa kufanya kazi huku ukisoma, maana haumhusu. Mkimbizi na mwenye green card wanaruhusiwa kuuomba.