Ukandaji kwa Wagonjwa wa Saratani: Mambo ya Kuzingatia

Mkandaji wa Kata ya Lalago anayetaka kuwahudumia wagonjwa wa saratani hana budi kwanza kutambua kuwa ukandaji hauponyi saratani. Ukifanywa kwa upole, huweza kupunguza maumivu, hofu na uchovu kwa muda, na kumsaidia mgonjwa kupata usingizi. Ndiyo maana hutumika pamoja na tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wala hauchukui nafasi ya matibabu yanayotolewa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Mikono myepesi

Kuchua kwa nguvu kunakozoeleka kwa maumivu ya mgongo hakufai hapa. Baadhi ya dawa za saratani hupunguza chembe zinazogandisha damu, hivyo mkandamizo mdogo huweza kusababisha damu kuvilia chini ya ngozi. Saratani iliyofika kwenye mifupa huifanya iwe rahisi kuvunjika. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani huweza kuvimba mkono wa upande huo. Mkono huo usichuliwe bila ushauri wa daktari. Ngozi iliyopigwa mionzi isisuguliwe wala kupakwa mafuta au dawa za mitishamba bila idhini ya wahudumu wa afya. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usikandwe: huenda kuna damu iliyoganda, nayo ikisogea hadi mapafuni huweza kuua. Mgonjwa huyo awahishwe hospitali.

Kuanzisha huduma

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili watoa tiba hizo. Mkandaji aanze kwa Mratibu wa Tiba Asili wa Halmashauri ili aelekezwe. Aidha, awe na daftari la kuandika mgonjwa anatibiwa wapi, alipata dawa au mionzi lini, na sehemu zisizopaswa kuguswa. Mgonjwa naye amjulishe daktari wake kabla ya kukandwa.

Uvimbe ambao haujapimwa

Uvimbe wa titi, shingo au tumbo usikandwe kamwe. Kutouma kwake si dalili ya usalama, kwa kuwa uvimbe wa saratani ya matiti mara nyingi hauumi mwanzoni. Mkandaji anayempeleka mwenye uvimbe huo kituo cha afya siku hiyohiyo amemsaidia zaidi ya yule anayempangia siku nyingine ya kuchuliwa, kwani saratani inayogundulika mapema ina nafasi kubwa zaidi ya kutibika.