Kanzu za Norfolk, Landi za Eastlands

Barabara ya Landhies, ile inayopita Muthurwa jijini Nairobi, imebeba kwenye jina lake habari ambayo vitabu vya watalii havina. Landi zilikuwa safu za vyumba walimolala wafanyakazi wa reli. Landimawe iko jirani. Makongeni, mtaa mwingine wa reli, iko mbele kidogo. Kila ninaposoma makala ya kuzisifu hoteli kongwe za Kenya, natamani mwandishi angeanzia hapa.

Wengi huanzia kwenye baraza la Hoteli ya Norfolk. Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904, miaka mitano tu baada ya reli kufika Nairobi. Mwaka 1909 ikampokea Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, akija kuwinda. Wageni wa siku hizo walishuka melini Mombasa, wakapanda treni, wakaipa bahari kisogo. Pwani, yenye miji iliyoitangulia Nairobi kwa mamia ya miaka, ikawa mlango wa kupitia tu.

Fukwe zilikuja kupata hoteli baadaye, na wateja wa kwanza waliteremka kutoka bara. Walowezi waliamini kwamba kukaa muda mrefu nyanda za juu kunachosha mishipa ya fahamu, na kwamba dawa yake ni upepo wa bahari. Malindi ilijengwa hoteli za wageni miaka ya 1930. Ernest Hemingway alivua samaki huko mwaka 1934. Daraja la kuelea la Nyali lilikuwa limefunguliwa mwaka 1931, gari likaweza kutoka kisiwani hadi mchanga wa kaskazini bila kupanda pantoni. Mwaka 1946 Eva Noon akafungua Nyali Beach Hotel, na ufukwe wenyewe ukaanza kuwa safari kamili.

Kati ya baraza la Norfolk na mchanga wa Nyali kulikuwa na treni ya usiku. Mhudumu alipita kwenye ujia wa mabehewa akigonga kimarimba kuwaita abiria mezani. Walipomaliza kula walikuta vitanda vimetandikwa. Waliotandika, waliopika supu na kuosha sahani, ndio watu wa landi.

Halafu kuna kanzu. Kwa Mswahili wa pwani, kanzu ni vazi la heshima, la msikitini na la harusini. Hoteli za Nairobi ziliichukua, zikaongeza mkanda mwekundu na tarbushi, ikawa sare ya weita. Mgeni wa Ulaya alipohudumiwa na mtu aliyevaa hivyo, alijihisi amefika Afrika ya ndoto zake, kumbe aliyemwekea sahani huenda ni kijana wa Murang'a au Kakamega ambaye hajawahi kuiona bahari. Jambo hili linaniuma kidogo hadi leo: vazi la heshima la watu liligeuzwa pambo la utumwa wa mezani, na hakuna aliyeulizwa.

Pwani halisi ndani ya Nairobi ilikuwa Pumwani. Katika Majengo ya huko Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu walijenga nyumba za Kiswahili, vyumba kushoto na kulia na ukumbi katikati, wakakodisha chumba kimoja kimoja kwa wapishi, madobi na madereva. Serikali ya jiji ilimhesabu Mwafrika kuwa mpita njia, mtu wa kitanda kimoja asiye na mke wala watoto. Majengo ilimpa mlango wake mwenyewe. Kaloleni, yenye nyumba za familia, ilikuja katika miaka ya 1940, na hata hapo nyumba hazikutosha.

Mpaka kati ya baraza na landi ulilindwa kwa bunduki. Tarehe 16 Machi 1922 wafanyakazi wa Nairobi waliacha kazi wakakusanyika kituo cha polisi, hatua chache kutoka Norfolk, kudai kiongozi wao Harry Thuku aachiliwe. Polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza la hoteli wakaungana nao. Muthoni Nyanjiru, mmoja wa wanawake waliokuwa mstari wa mbele, alikufa hapo. Serikali ilikiri vifo 21. Walioshuhudia walitaja watu wengi zaidi. Hiyo nayo ni historia ya hoteli.

Miaka mingi baadaye mambo yaligeuka kwa njia ambayo walowezi wasingeiota. Machafuko ya Likoni ya mwaka 1997, bomu la Kikambala la mwaka 2002, kisha maonyo ya usafiri kutoka Ulaya, yote yaliwafukuza wageni wa ndege. Hoteli za pwani zikaanza kumtafuta Mkenya kwa bei ya mkaazi. Siku hizi vyama vya akina mama wa Umoja na Buruburu huchanga mwaka mzima, na Desemba ikifika wanapanda basi la usiku au treni ya SGR kwenda kulala kwenye hoteli ambazo babu zao wangeziingia kwa mlango wa jikoni tu.

Norfolk imehifadhi majina ya wageni wake mashuhuri. Picha za waliowahudumia zimebaki kwenye kuta za sebule za Bahati, Kaloleni na Makongeni: kijana amesimama wima ndani ya kanzu nyeupe, mkanda kiunoni, sinia mkononi. Kama picha hiyo iko kwenu, ishushe wikendi hii. Muulize shangazi au mjomba aliyebaki ni nani huyo, hoteli gani, mwaka gani, kisha uandike nyuma kwa kalamu.