Cheti cha ndoa nchini Tanzania

Cheti cha ndoa nchini Tanzania ni hati inayothibitisha kwamba ndoa imesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Usajili husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao jengo lake, RITA Tower, liko Mtaa wa Makunganya, katikati ya jiji la Dar es Salaam.

Ndoa hufungwa kiserikali, kidini au kimila. Kutosajiliwa pekee hakuibatilishi ndoa, lakini bila cheti ni vigumu kuithibitisha ng'ambo.

Mwenzi anapoombewa ukazi wa kudumu nchini Marekani, huwasilishwa nakala ya cheti hicho, pamoja na ushahidi kwamba ndoa za awali, kama zilikuwepo, zilikoma kwa talaka au kifo. Hati ya Kiswahili huambatanishwa na tafsiri kamili ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri.