Nani Atamshitakia Mtoto Asiye na Mtu?

Tarehe 20 Februari 2004 watetezi wa haki walifika kukagua hospitali ya magonjwa ya akili ya Poiana Mare, kusini-magharibi mwa Romania. Ndani ya chumba chenye baridi kali, mlango umefungwa kwa ufunguo, walimkuta kijana wa miaka 18 peke yake juu ya kitanda kisicho na shuka wala blanketi. Amevaa shati la pajama, chini hana kitu. Hakuweza kula wala kwenda chooni bila kushikwa mkono, na kwa jinsi walivyoeleza wakaguzi hao, wahudumu walikataa kumsaidia. Jioni ile ile alikufa.

Jina lake Valentin Câmpeanu. Mama yake alimwacha alipozaliwa, baba hakujulikana. Alikulia katika vituo vya serikali, akihamishwa kutoka kimoja hadi kingine, akiwa na ulemavu mkubwa wa akili na virusi vya UKIMWI. Alipotimiza miaka 18 maofisa wa ulinzi wa watoto walimwondoa kwenye malezi ya serikali, kwa hoja kwamba hakuwa ameandikishwa katika masomo yoyote. Isome tena hoja hiyo. Aliyepaswa kumwandikisha ni serikali hiyo hiyo iliyokuwa mlezi wake tangu utotoni.

Kwetu sisi tunaofuatilia sheria za haki za watoto, kesi hii ina fundo moja zito: nani aseme kwa niaba yake? Kwa kawaida mlalamikaji ni aliyeumizwa mwenyewe, au ndugu zake akishafariki. Valentin hakuwa na ndugu anayejulikana, wala hakuna aliyeteuliwa kisheria kumsimamia. Shirika la Centre for Legal Resources, ambalo watu wake ndio waliomkuta chumbani, lilipeleka kesi kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg. Serikali ikapinga: shirika si ndugu, wala marehemu hakulipatia idhini.

Pingamizi hilo halikuwa dogo. Huko Bulgaria, katika kituo cha kijiji cha Dzhurkovo, watoto na vijana 15 wenye ulemavu walikufa kati ya Desemba 1996 na Machi 1997, kwa baridi na uhaba wa chakula na dawa. Mkuu wa kituo alikuwa ameomba msaada serikalini miezi kadhaa kabla ya kifo cha kwanza. Mwaka 2013 Strasbourg iliamua kwamba Bulgaria ilivunja haki ya kuishi, lakini shirika lililojiunga na wazazi katika shauri hilo lilikataliwa. Sasa fikiria mtoto aliyekufa hapo na hana mzazi wa kumlilia. Waswahili husema mnyonge hana haki, na kanuni za kufungua kesi zilikuwa zikiuthibitisha msemo huo.

Tarehe 17 Julai 2014 Jopo Kuu la mahakama hiyo lililikubali shirika kumsemea Valentin. Majaji waliona kwamba wakikataa, serikali itaponea kwenye kosa lake yenyewe la kutomteulia msimamizi. Romania ikakutwa na hatia ya kuvunja haki yake ya kuishi. Nauona huu kuwa uamuzi mkubwa kuliko sheria nyingi zilizopambwa kwa maneno mazuri, maana unamfikia yule ambaye hana wa kumtetea.

Kwa Kenya mlango huo uko wazi tangu Katiba ya 2010. Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kwenda mwenyewe. Kufungua kesi hakulipiwi ada, na ikibidi mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi.

Wengi wetu tunayajua makao ya watoto kwa Jumamosi moja: tunashusha unga, sabuni na sukari, watoto wanatuimbia, tunapiga picha, tunaondoka. Asiyeweza kukaa wala kuimba hatumwoni. Safari ijayo, omba uoneshwe chumba alimo. Uliza kama anasoma, na ni jina la nani limeandikwa kwenye faili lake kama ndugu. Ukikuta mtoto amefungiwa au ameachwa na njaa, andika siku hiyo hiyo: jina la kituo, tarehe, saa, na ulichokiona kwa macho yako.