Mazuku, moshi wa viwanda na misitu yetu

Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku. Ni gesi inayotoka katika ardhi ya volkano na kulala mabondeni. Haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa. Mtoto au mbuzi akiingia humo anaweza kuzimia na kufa. Sehemu kubwa ya mazuku ni kaboni dioksidi.

Gesi hiyo hiyo inatoka pia pale makaa ya mawe na mafuta yanapochomwa viwandani na katika magari. Kila mwaka zaidi ya tani bilioni 35 zinapanda angani. Huko inazuia joto kutoka, kama blanketi. Ndiyo maana dunia inazidi kupata joto na majira ya mvua yanavurugika.

Nchi kadhaa zinajaribu kuikamata gesi hiyo kabla haijapanda. Wanaitenga, wanaikandamiza, kisha wanaisukuma kwa bomba chini sana ya ardhi, ndani ya mawe yenye vitundu vidogo. Juu yake lazima kuwe na mwamba usiopitisha gesi, kama kifuniko cha chungu. Norwe ilianza mwaka 1996 chini ya bahari, mahali paitwapo Sleipner. Kule Iceland wanaichanganya na maji na kuiingiza katika mawe ya volkano, ambamo inageuka jiwe kwa miaka michache.

Kazi hii inasaidia, lakini ni ya gharama kubwa, na mpaka sasa inakamata chini ya sehemu 1 kwa 100 ya gesi yote. Haitoshi bila kupunguza uchomaji wenyewe.

Je, mazuku nayo yanaweza kufungiwa hivyo? Hapana. Ardhi yetu ina nyufa, na gesi inapanda yenyewe. Dawa ni kuyaepuka. Viongozi wa kambi, kabla ya kusimamisha mahema, waulizeni wenyeji: wao wanayajua mabonde mabaya.

Sisi Wakongo tunayo ghala nyingine. Udongo wenye maji wa misitu ya katikati ya bonde la Kongo, katika Kongo zote mbili, umehifadhi karibu tani bilioni 30 za kaboni. Miti iliyosimama nayo inahifadhi. Lakini familia iliyokimbia vita inahitaji kupika, na kuni zinaleta ugomvi na wenyeji. Tunawaomba wakaaji wa kambi na wa vijiji waketi pamoja, wapatane wapi pa kukata na wapi pa kupanda, na watumie mbabula zinazokula makala machache. Mapatano hayo yatalinda msitu, na ujirani pia.