Sauti Zilizosomwa kwa Mwanga

Wimbo wa kale kuliko zote tunaoweza kuusikia leo haukutoka kwenye santuri wala kanda. Ulitoka kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Édouard-Léon Scott de Martinville, mpanga chapa wa Paris, alichukua pembe pana, akaiziba upande mmoja kwa utando mwembamba, na kwenye utando akabandika unywele wa nguruwe. Ncha ya unywele iligusa karatasi iliyoviringishwa kwenye pipa dogo. Mtu akiimba mbele ya pembe, utando hutetemeka na unywele hukwangua masizi, huku pipa likizungushwa kwa mkono. Tarehe 9 Aprili 1860 Scott alinasa kwa njia hiyo sekunde chache za wimbo wa kienyeji wa Kifaransa. Fonografu ya Edison ilikuja miaka 17 baadaye.

Scott hakuwa na nia ya kuusikia tena wimbo ule. Alitaka sauti isomeke kwa macho. Karatasi zake zikabaki kwenye hifadhi za Paris mpaka mwaka 2008, pale watafiti wa sauti wa Marekani wanaojiita First Sounds walipozipiga picha, na wanafizikia wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California wakaigeuza michoro kuwa sauti. Ulimwengu ukasikia kitu kilichofanana na sauti ya msichana.

Kumbe haikuwa ya msichana. Kando ya mstari wa wimbo, Scott alichora mstari wa pili kutoka kwenye uma wa chuma, ule ambao ukigongwa hutoa sauti moja isiyobadilika. Pipa la mkono huenda mbio mara hii na kusuasua mara ile, lakini mtetemo wa uma hauyumbi, kwa hiyo watafiti waliutumia kama saa ya kunyooshea mwendo wa wimbo. Tatizo likawa kwenye hesabu. Wafaransa wa zama zile walihesabu mtetemo wa kwenda kuwa mmoja na wa kurudi kuwa mwingine, hivyo uma wao wa 500 ni wa hezi 250 kwa hesabu yetu. Wimbo ulikuwa umechezwa kwa kasi maradufu! Mwaka 2009 ukarekebishwa, na aliyesikika sasa ni mwanamume anayeimba polepole, huenda Scott mwenyewe. Matoleo yote mawili yako kwenye tovuti ya First Sounds, na hulipi kitu. Ningekuwa mwalimu wa fizikia, ningewasikilizisha wanafunzi yote mawili kabla sijaandika ubaoni neno “masafa”, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Mmoja wa wanafizikia wa Berkeley, Carl Haber, alikuwa akitengeneza vifaa vya kufuatilia chembe ndogo kuliko atomu. Akatambua kwamba mbinu za kupima njia ya chembe kwa picha zinaweza kupima pia mchirizi wa santuri. Huo ndio mwanzo wa mtambo wa IRENE. Sindano ya gramafoni huula mchirizi kidogo kila inapopita, na nta iliyoota ukungu au kupasuka haivumilii hata mguso mmoja. IRENE haigusi: kamera hupiga picha ya mchirizi, na pale ambapo sauti imefichwa kwenye kina, kama kwenye mitungi ya nta ya kurekodia sauti, mwanga hupima kina hicho nukta kwa nukta. Kompyuta kisha hukokotoa jinsi sindano ingetembea. Kwa njia hiyo, mwaka 2013 ilisikika sauti ya Alexander Graham Bell iliyorekodiwa mwaka 1885 kwenye sahani ya nta na karatasi ngumu.

Anayetaka kujitosa mwenyewe aanzie kwenye hifadhi ya mitungi ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Humo mna rekodi zaidi ya 10,000, nyingi za kabla ya redio, na unaruhusiwa kuzipakua. Mtungi mmoja mara nyingi ni wa dakika mbili hadi nne, kwa hiyo faili lake la MP3 ni megabaiti chache tu. Bando dogo linatosha.

Kwa upande wetu, Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma, zeze na ilimba, ala ya vijiti vya chuma juu ya sanduku. Kazi yake iko kwenye maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ILAM, aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sehemu ya rekodi hizo inasikilizika mtandaoni.

Sikiliza ilimba ya Wagogo. Juu ya kila noti kuna mvumo mkavu, kama kitu kimelegea ndani. Hakijalegea chochote. Fundi hutoboa sanduku na kuliziba tundu kwa utando wa buibui, na utando huo ukitetemeka huzalisha masafa ya juu ambayo vijiti vya chuma peke yake havitoi. Sasa fikiria rekodi kama hiyo ikipitishwa kwenye programu ya kusafisha sauti. Programu hupima mchakacho wa kanda, kisha hupunguza kila kinachofanana nao. Mvumo uko humohumo, nao unaweza kuondoka. Hayo si marekebisho, ni kukata kiungo cha ala. Ndiyo maana chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, IASA, kinataka nakala ya hifadhi ibaki bila kusafishwa. Nami ninatamani nakala hiyo ghafi ndiyo iwekwe wazi, kwa sababu Mgogo anayepiga ilimba ataujua mvumo kwa sekunde moja, na mhandisi wa mbali huenda asiujue kabisa.

Mvumo huo unaonekana hata kwa macho. Fungua Chrome Music Lab, maabara ya muziki ya Google ya tangu 2016, uchague spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyopita, na uruhusu maikrofoni. Piga mluzi: utaona mstari mmoja mwembamba. Gonga meza: utaona mchirizi wima, maana kishindo hubeba masafa mengi kwa mpigo. Vuta “aaa” halafu “iii” bila kubadilisha noti: mistari inabaki palepale, lakini inayong'aa ni mingine, kwani mdomo na ulimi vimebadili masafa yanayokuzwa. Kisha cheza rekodi ya ilimba kwenye simu ya pili karibu na maikrofoni, na utazame juu ya mistari ya noti.