Pengo la Kasese: Namna ya Kusuluhisha Maswali ya Data katika Tafiti za Kaya

Wanafunzi wetu wanaoandika tasnifu kuhusu kisomo na matumizi ya lugha katika eneo la Kasese na Bwera wanazidi kutumia data za tafiti za kaya. Hilo ni jambo la kupongezwa. Tafiti hizo, ambazo kwa miaka mingi zimesimamiwa na Shirika la Takwimu la Uganda (UBOS), zina hazina kubwa ambayo mtafiti mmoja mwenye hojaji zake mia moja hawezi kuikusanya. Hata hivyo, utafiti unaorudiwa kwa miaka mingi haubaki vilevile. Katika makala haya tunakusudia kueleza maswali manne ambayo kila mtumiaji anapaswa kuyajibu kabla ya kulinganisha mwaka mmoja na mwingine.

Swali la kwanza: Je, eneo lako lilikuwamo? Mnamo Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, karibu na Bwera, na usalama ukazorota katika milima ya Rwenzori kwa miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo, Utafiti wa Kitaifa wa Kaya wa 1999/2000 haukufika Kasese wala Bundibugyo, na kwa upande wa kaskazini haukufika Gulu wala Kitgum. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2000/01 nao uliziacha wilaya hizohizo nne. Maana yake ni kwamba takwimu za "Uganda nzima" za miaka hiyo hazina sauti ya mtu wa Bwera. Anayezilinganisha na za mwaka 2006, ambapo Kasese ilikuwamo, analinganisha nchi mbili tofauti. Badiliko analoliona huenda limetokana na wilaya zilizoongezwa wala si na maisha ya watu.

Suluhisho lipo, nalo lina njia mbili. Ikiwa swali lako ni la kitaifa, ziondoe wilaya hizo nne katika data za baadaye pia, ili pande zote mbili ziwe na eneo moja. Hapa uangalifu unahitajika kwa sababu wilaya hukatwa: Pader ilitoka Kitgum mwaka 2001, Amuru ikatoka Gulu, na Ntoroko ikatoka Bundibugyo mwaka 2010. Ukiondoa Kitgum ukaiacha Pader, kazi yako ni bure. Lakini ikiwa swali lako ni Kasese yenyewe, usikisie kilichokuwamo katika pengo. Tumia sensa za 2002, 2014 na 2024, kisha useme wazi kuwa tafiti hizo mbili hazikufika huko.

Swali la pili: Nani amehesabiwa? Kaya si nyumba, wala si familia. Utafiti wa kaya huhesabu wakazi wa kawaida, yaani wanaoishi na kula pamoja kwa sehemu kubwa ya mwaka. Utafiti wa Demografia na Afya huandika pia wageni waliolala hapo usiku uliotangulia. Mpakani tofauti hii ni kubwa. Mfanyabiashara wa Bwera aliyelala Kasindi, ng'ambo ya mpaka, ni mwanakaya kwa hesabu moja na hayumo kwa hesabu nyingine. Chagua hesabu moja, uishike hadi mwisho.

Swali la tatu: Swali liliulizwaje, na kwa lugha gani? Katika utafiti wa kaya, mtu wa miaka 10 na zaidi huulizwa kama anaweza kusoma na kuandika kwa kuelewa katika lugha yoyote. Katika ule wa demografia, mhojiwa ambaye hakufika sekondari hupewa kadi yenye sentensi aisome. La kwanza ni kauli, la pili ni jaribio, kwa hiyo asilimia zake haziwekwi katika jedwali moja. Aidha, hojaji za 2006 zilitafsiriwa katika makundi sita ya lugha za Uganda, na Lhukonzo haikuwamo. Sisi walimu wa lugha tunajua tafsiri ya papo hapo mlangoni pa mtu inavyoweza kupotosha swali. Soma hojaji yenyewe, usiridhike na jina la safu katika faili.

Swali la nne: Je, idadi inatosha? Sampuli hupangwa ili izungumzie kanda, si wilaya. Mwaka 2006 na 2011 Kasese ilikuwa ndani ya kanda ya Magharibi. Mwaka 2016 ikawa ndani ya Tooro. Kwa hiyo andika "katika kanda ya Tooro", usiandike "katika Kasese", na daima tumia uzani uliomo katika faili.

Neno moja kuhusu Utafiti wa Jopo, ulioanza 2009/10 kwa kuzirudia kaya 3,123 za utafiti wa 2005/06. Hapa watu walewale hufuatwa, hata wanapohama. Unapounganisha awamu, hakiki namba ya kaya pamoja na jinsia na umri. Mtu aliyekuwa na miaka 30 kisha baada ya miaka miwili akawa na 19, huyo si yuleyule. Kumbuka pia kuwa mwaka 2013/14 theluthi moja ya sampuli ilibadilishwa.

Kwa kuhitimisha, tunawashauri wanafunzi waweke katika sura ya mbinu aya moja inayojibu maswali haya manne. Kasese iliwahi kukosekana katika takwimu kwa sababu ya vita. Isikosekane tena kwa sababu ya uzembe wa msomaji.